Tiketi Tatu za Fundi Paa

Siku redio ilipotangaza kwamba kimbunga kinakuja, fundi paa alikwenda stendi kukata tiketi za likizo.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pindo la sketi ya shule likiwa katikati ya kushonwa, mume alipoingia na kuziweka tiketi juu ya kitambaa. Zilikuwa tatu. Basi la Ijumaa, saa sita mchana.

"Haya," akasema, "si ulitaka ziwa? Twende tukalione hilo ziwa."

Mwanamke huyu mtaani walimwita Sindano. Wengi walidhani ni kwa ajili ya kazi yake ya kushona sare za shule, lakini aliyempa jina hilo alikuwa mama mkwe wake, naye alikuwa na sababu nyingine. Alisema mkwe wake ni mwembamba, hana kelele, na akishaingia mahali hatoki mpaka atokee upande wa pili. Sindano hakuchukia. Alilipokea jina kama sifa.

Sasa alizitazama zile tiketi, na machale yakamcheza.

Ziwa alilitaka, hilo halina ubishi. Wifi yake, dada wa fundi, aliolewa huko milimani, mwendo wa saa tisa kwa basi, na nyumba yake ina baraza linalotazama maji. Miaka minne Sindano aliomba waende wakapumzike, na miaka minne fundi alimpiga chenga. Mara kuna paa la ghala halijaisha, mara mvua ziko karibu, na fundi paa kuondoka wakati wa mvua ni sawasawa na mwalimu kuondoka siku ya mtihani. Mwaka huu ndipo walipokubaliana, wakasema mwisho wa mwezi. Begi likatolewa uvunguni, likaanza kupangwa pole pole. Kisha mchana wa Jumatano hiyo redio ikasema upepo mkubwa uko baharini, unatarajiwa kupiga pwani alfajiri ya Jumamosi, na asiye na safari ya lazima asisafiri, maana barabara ya kwenda bara inaambaa na bahari kwa saa mbili nzima kabla ya kufika kwenye daraja la mto, na daraja lenyewe halikuwa la kujivunia. Sindano aliposikia hayo alilifungua begi mwenyewe, akarudisha nguo kabatini, na moyoni akasema ziwa halihami, litatungoja.

Na sasa mwanamume huyohuyo wa chenga za miaka minne ndiye anayesema twende. Tena wiki mbili kabla ya tarehe. Tena siku ambayo watu wenye akili zao wanatafuta mbao za kuziba madirisha.

Lililomchoma zaidi lilikuwa jingine. Upepo ndio uliokuwa ukimpa fundi cheo chake. Redio ikitaja upepo tu, simu yake haikupumzika. Mwaka juzi alishinda juu ya mapaa ya watu siku tatu mfululizo, chakula akipelekewa kwa kamba, majirani wakigombania zamu yake, naye akirudi jioni shingo imeungua jua na kifua kimejaa sifa. Leo simu ilikuwa imezimwa. Sindano alipouliza, akaambiwa imeisha chaji. Akatazama ukutani. Chaja ilikuwa pale pale, na umeme ulikuwepo.

Akauliza tiketi ya tatu ni ya nani.

"Ya mama," fundi akajibu, na kutoka akatoka, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Mama yake alikaa chumba cha nyuma, na magoti yake hayakupatana na ngazi za basi tangu zamani. Hata harusi ya binti yake alikwenda akilalamika mwanzo wa safari hadi mwisho. Lakini jioni hiyo Sindano alimkuta anakunja shuka zake mbili, uso umemsinyaa. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba dada yake huko milimani anaumwa, anamtaka mama yake.

Sindano akamsaidia kukunja. Alikuwa na kawaida aliyoitoa kwenye kazi. Akiona mshono unavuta, hakimbilii mkasi. Huigeuza kwanza nguo, akatazama kwa ndani.

Usiku haujaingia bado, wakiwa wanakunywa chai, redio ilianza kutaja majengo ambayo watu wa mabondeni wataenda kujihifadhi. Ilitaja ghala la bandarini, ikataja zahanati, na ilipofika kwenye ukumbi mpya wa shule fundi akanyoosha mkono na kuhamisha stesheni. Muziki ukalia. Mama yake akamwambia alikuwa anasikiliza. Fundi akasema habari hizo zinawapandisha watu presha bure. Alisema akiwa anatazama kikombe.

Asubuhi ya Alhamisi, fundi alipotoka, Sindano alimpigia simu wifi yake kumpa pole ya ugonjwa.

"Ugonjwa gani tena, wifi?" sauti ikaja nene na nzima, nyuma yake kuku wakisikika. "Labda ugonjwa wa kunenepa. Huo ninao."

Wakacheka, Sindano akicheka kwa mdomo tu. Wifi mtu akaendelea kumwaga. Alisema kaka yake alipiga simu jana akisema wanakuja, naye akamwambia wazi wasije, wangoje upepo upite, barabara ile anaijua. Kaka akajitia hamnazo. Badala yake akauliza kama huko milimani mafundi paa wanapata kazi, na kama wakikaa mwezi au miwili watakuwa mzigo.

"Mimi nikamwambia nyumba ni yenu," wifi akasema. "Lakini nikajiuliza, likizo gani ya kutafutia kazi? Mmegombana na mtu huko?"

Sindano akasema hawajagombana na mtu, akaaga vizuri, akaketi na simu mapajani.

Mwanamke mwenye mume akisikia mambo ya namna hii, wazo la kwanza linajulikana. Nalo lilimjia, likakaa. Lakini kila alipolipima lilimpwaya. Mwanamume anayekimbilia kwa mwanamke habebi mke na mama. Basi, akawaza, labda hakimbilii. Labda anamkimbia mtu, na mtu huyo yuko hapa hapa. Akaanza kuwapitia wanawake wa mtaa mmoja mmoja kichwani, kama anayepanga vitambaa kwa rangi.

Alikuwa na sare kumi na mbili za kupeleka shuleni. Akazifunga, akazibeba. Mwalimu mkuu alimpokea kwenye ngazi za ofisi kabla hata hajabisha hodi.

"Mumeo yuko wapi?" akauliza. "Tangu jana namtafuta, simu haipatikani. Nimemtuma mlinzi kwenu mara mbili, mama mkwe wako anamwambia katoka."

Sindano akamtazama yule mama toka kichwani hadi miguuni. Hakuacha kitu. Miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba, vidole vyenye chaki, viatu vilivyolika kisigino upande mmoja kwa kutembea. Huyu, akaona, hana nafasi ya kuibia mtu mume. Hana nafasi hata ya kukaa. Akauliza kwa upole mume wake anatafutiwa nini.

Lilikuwa jambo dogo. Mwalimu mkuu alitaka kujua, upepo ukianza, madirisha ya ukumbi yafungwe yote au yaachwe ya upande mmoja. Kesho mchana watu wa mitaa mitatu ya bondeni wataanza kuingia, zaidi ya mia mbili, wazee na watoto wachanga ndani yake, naye hakutaka kufanya la kubahatisha. Akamshika Sindano mkono, akamwingiza ukumbini akaone walivyojiandaa. Ndoo za maji zilikuwa zimepangwa. Madawati yamesukumwa ukutani.

"Madirisha ndiyo yananisumbua kichwa," akasema. "Paa, kwa kazi ya mumeo, mimi silali na wasiwasi."

Sindano akainua uso. Juu kulikuwa na dari nyeupe, mbao zimepakwa rangi vizuri, zimekutana bila nyufa, zimefunika kila kitu. Hukuweza kuona hata mti mmoja wa kenchi inayobeba bati. Aliitazama dari ile mpaka shingo ikamwuma, asijue anatafuta nini.

Alichokijua ni hiki tu: mumewe hakimbii mwanamke. Anakimbia swali la huyu mama.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye banda la nyuma, ambamo fundi aliweka vifaa vyake. Jana alipotaka kwenda kutafuta humo kufuli la begi, mume alimrukia kwa wema usio wa kawaida: usijisumbue mke wangu, nitaleta mimi. Kufuli halikuwahi kuletwa. Sindano akaingia. Akahamisha makopo ya rangi, akahamisha turubai, na nyuma ya turubai akakuta boksi limefungwa kwa utepe wa plastiki wa kiwandani, halijaguswa. Juu yake ilikuwa imebandikwa karatasi ya mzigo. Sindano aliishia darasa la saba na alisoma pole pole, lakini alichokisoma hakikumponyoka. Mikanda ya kenchi, hamsini na sita. Ukumbi wa shule. Chini palikuwa na tarehe.

Tarehe ya kufunguliwa kwa ukumbi aliijua, maana yeye ndiye aliyeshona utepe uliokatwa na mgeni rasmi. Akahesabu kwa vidole. Boksi lilifika siku kumi na mbili baada ya utepe kukatwa.

Mikanda hiyo aliifahamu. Siku za uchumba fundi alimwelezea kazi yake mpaka akachoka, na mengine yalimkaa. Misumari inashika bati kwenye mbao. Mikanda ya chuma inashika mbao kwenye ukuta. Ukiikosa mikanda, paa linakaa kwa uzito wake tu, na upepo mkubwa ukiingia kwa chini unalinyanyua zima zima kama mtu anayevuliwa kofia.

Hakuhitaji kupanda juu ya dari. Katika kazi yake, ukikuta bitana ya koti imebaki kapuni na koti limeshachukuliwa na mwenyewe, hulifukuzi koti barabarani ukachungulie. Linajulikana limekwendaje.

Alilibeba lile boksi, zito kama mtoto wa miaka mitano, akaliweka juu ya meza ya cherehani, akakaa kungoja.

Fundi aliingia saa tisa, akaliona, akasimama mlangoni. Kisha akavaa miwani ya mbao. Akasema hiyo ni ziada tu, alisahau kuirudisha dukani.

"Ziada ya nini," Sindano akauliza, "na boksi halijafunguliwa?"

Akasema aliyotumia ilitoka duka jingine. Sindano akauliza duka gani. Akasema la zamani, limefungwa siku hizi. Sindano akauliza lilikuwa mtaa gani, na la nani, na kama duka lilimpa mikanda yote, hii nyingine iliagizwa ya kazi gani, na mbona imeandikwa ukumbi wa shule. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyouliza mteja kimo cha mikono. Fundi akajibu mawili, la tatu akaliruka. Akasema mikanda si kitu, mafundi wa zamani hawakuitumia na mapaa yao yapo. Akasema redio zinatia chumvi.

"Huenda upepo wenyewe usifike," akamaliza.

"Kama huenda usifike," Sindano akasema, "mama yako umemkatia tiketi ya nini?"

Fundi akavuta kigoda akaketi, mikono ikining'inia katikati ya magoti, na maneno yakamtoka vipande vipande. Alikuwa ameahidi ukumbi utakwisha kabla ya siku ya mgeni rasmi. Aliahidi mbele ya wazazi, kwa sauti, kwa sababu fundi Mrefu, mshindani wake, alikuwepo akimcheka. Mikanda ikachelewa kufika. Siku zikabaki sita, zikabaki nne. Akafunga pembe nne kwa waya, akawaambia wa dari wapige mbao, wa rangi wapake, akijiambia atarudi wakati shule imefungwa, afungue mbao chache kimya kimya, afunge mikanda, arudishe. Mgeni rasmi akamshika mkono, watu wakampigia makofi. Boksi likaja. Lakini kila alipokwenda shuleni mwalimu mkuu alimwonyesha kwa wageni: huyu ndiye fundi wetu. Angeanzaje kupasua dari aliyosifiwa? Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka na miezi mitatu.

"Nilitaka tu nisiwepo," akasema. "Nisione."

Hapo sauti ikatoka mlangoni.

"Kwa hiyo binti yangu haumwi."

Mama mkwe alikuwa amesimama amejishikiza kwenye fremu, shuka zake mbili zilizokunjwa ziko kwapani. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Fundi akainuka, akaanza kusema mama, mama nisikilize. Mama akasema amekwisha kusikiliza, redio tu ndiyo inayomshinda masikio, mwanawe hajawahi kumshinda.

"Nilikuwa najiandaa safari," akasema, "na safari sikatizi. Kesho nitakwenda ukumbini na wenzangu wa mtaa. Nitakaa humo mpaka upepo upite. Wewe panda basi lako."

Akaiweka tiketi yake juu ya boksi, akarudi chumbani kwake, hatua kwa hatua.

Fundi akasema vizuri, atakwenda kwa mwalimu mkuu, atasema, atafanya kazi. Asubuhi na mapema. Wamwache apumzishe kichwa, asubuhi ataamka mtu mpya.

Sindano alimtazama. Aliitazama ile asubuhi na mapema kama kitambaa kinachouzwa bei poa mno. Asubuhi na mapema kuna mabasi pia, na fundi alikuwa na miguu miwili na tiketi.

"Shika huku," akamwambia, naye mwenyewe akashika upande wa pili wa boksi.

Wakalibeba hivyo barabarani, mume mbele mke nyuma, jua la saa kumi likiwa bado kali na hewa imetulia mno, haina hata jani linalotikisika. Watu waliokuwa wakipigilia mbao madirishani wakawatania. Fundi, unahamia wapi? Fundi, kwangu utapita lini? Fundi hakujibu hata mmoja, na wao wakadhani ana haraka.

Mwalimu mkuu alimsikiliza fundi mpaka mwisho amesimama. Sindano alikuwa amejiandaa kwa matusi, yasije. Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, akamtazama fundi kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza neno moja tu: kazi hiyo inataka saa ngapi.

Fundi akasema peke yake, siku mbili. Wakiwa watatu, hadi kesho alasiri. Akasema pengine pa kuwapeleka watu hakuna, ghala na zahanati vimejaa kwenye orodha tayari. Mwalimu mkuu akasema orodha anaijua. Akamwambia atafute wa pili na wa tatu.

Mtaa mzima ulikuwa na mafundi paa watatu, na wawili walikuwa fundi Mrefu na mdogo wake. Sindano akamwona mumewe anatazama lango. Akasogea, akasimama langoni yeye, kana kwamba anatafuta kivuli, akampa simu yake mwenyewe iliyojaa chaji.

Fundi Mrefu alikuja alfajiri ya Ijumaa na ngazi begani, na hakuja na mdomo mtupu.

"Fundi mkuu," akasema kwa heshima zote, "leo umetuita tukuvishe mkanda? Tulidhani suruali yako inajishika yenyewe."

Mdogo wake akaangua kicheko. Fundi akachukua nyundo, akapanda. Baadaye Mrefu alipofika juu na kuona kenchi zilivyokaa kwenye ukuta, zimelazwa tu, mwanga wa asubuhi ukipenya katikati ya mbao na zege, kicheko kikamtoka usoni. Hakutania tena siku hiyo. Alifanya kazi kama aliyeambiwa nyumba ni yake.

Mbao za dari zikashushwa moja moja, rangi yake nyeupe ikimwagika kwenye sakafu kama unga. Sindano alikaa chini ya ngazi tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kutoa mikanda boksini na kuipandisha, na kila mkanda aliufuata kwa masikio hadi ulipoishia. Kila mmoja ulitaka misumari minne, miwili kwenye mti, miwili kwenye zege. Ya kwenye mti ililia kwa sauti nene. Ya kwenye zege ililia kwa ukali, na ilichukua muda. Baada ya saa moja hakuhitaji kutazama juu. Alikuwa anasikia mkanda umefungwa, na nani anapiga upi.

Saa sita ikafika. Fundi alikuwa kwenye boriti ya katikati, na Sindano alimwona amesimamisha nyundo hewani, akitazama upande wa stendi. Kisha akapiga msumari. Basi halikupiga honi wala nini. Lilikwenda tu na viti vyao vitatu.

Watu walianza kuingia saa nane. Mama mkwe alikuwa wa kwanza, ameshikwa mkono na jirani, shuka zake kwapani. Aliketi kwenye dawati, akatazama mbao tupu za juu, akatazama miguu ya mwanawe inayoning'inia, akasema pana hewa nzuri. Wengine waliuliza dari imekuwaje. Mwalimu mkuu aliwajibu kweli yote bila kuipamba, na minong'ono ikazunguka ukumbi mzima, macho yakimpanda fundi na kumshuka. Mama mmoja alichukua watoto wake akaondoka. Saa tisa upepo ukaanza, wa kupima tu, ukivuta milango. Wale ndugu wawili wakasema upande wao wa mbele umekwisha, familia zao zinawangoja, wakateremka. Ulibaki mstari mmoja, wa juu ya jukwaa, nao ulikuwa wa fundi.

Sindano alipandisha mikanda sita ya mwisho. Akasikiliza.

Msumari wa mti. Msumari wa mti. Kisha kimya, na nyayo zinasogea.

Msumari wa mti. Msumari wa mti. Nyayo.

Ikawa hivyo mara sita. Saa kumi na nusu fundi akateremka, uso mweupe kwa vumbi, amechoka kwelikweli. Akasema imekwisha. Mwalimu mkuu akasema ahsante, neno lililomtoka kwa shida, akaenda kufunga madirisha. Boksi lilikuwa tupu, mikanda yote hamsini na sita iko juu, na yeyote angeinua uso angeiona inang'aa mahali pake.

Fundi akachukua mkeka waliopewa, akautandika karibu na mlango.

Sindano aliukunja mkeka, akapita nao katikati ya watu, akaomba radhi kwa bibi mmoja asogee kidogo, akautandika jukwaani, chini kabisa ya ule mstari wa mwisho. Kisha akamwita mama mkwe wake. Mama akaja, akashikwa, akaketi, akapanga shuka zake. Sindano akabaki amesimama, akamtazama mumewe.

"Njoo ukae na mama yako," akamwambia. "Umechoka."

Fundi akasogea hadi ukingo wa mkeka. Hakukaa. Alisimama hapo na viatu vyake, upepo ukibisha madirisha, macho yake yakienda kwa mama yake, na kutoka kwa mama yake yakienda juu, kwenye kona ya kushoto, yakakaa huko. Mama akapigapiga mkeka kwa kiganja, pale pa kukaa. Fundi akafuta uso kwa mkono wa shati.

Kisha akainama, akaokota nyundo, akaomba misumari ya zege.

Sindano akaishika ngazi kwa mikono miwili, maana sasa ilikuwa inatikisika. Akahesabu. Msumari wa kwanza wa zege ulichukua muda mrefu, nao ukalia kwa ukali. Wa pili. Nyayo. Wa tatu, wa nne. Watoto walikuwa wameziba masikio. Alipofika wa kumi na mbili alingoja kidogo, kama kuna wa kumi na tatu, hakuwepo, na miguu ikaanza kuteremka.

Sindano alitazama tu anaelekea wapi. Fundi alipita mlango bila kuugeukia, akavua viatu, akajilaza chali kando ya mama yake na kufumba macho, pumzi ikimpanda na kumshuka.

Ndipo Sindano alipoiachia ngazi.